“Nikiuliza kwa nini, naambiwa haiji kwenye mtihani”

Shikamoo mwalimu,

Mimi ni binti wa miaka 19, nasoma kidato cha sita, tahasusi ya PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia), katika shule ya bweni mkoani Morogoro. Mtihani wa taifa ni mwezi wa tano, na matokeo ya utamilifu (moko) wa mkoa yametoka juzi. Nimepata C ya Baiolojia, D ya Fizikia na E ya Kemia. Nyumbani wanategemea nisomee udaktari. Mimi mwenyewe nautaka, silazimishwi na mtu.

Tatizo langu si uvivu. Kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne nilipenda sana sayansi, kwa sababu mwalimu wetu wa Fizikia alikuwa anatuacha tubishane darasani mpaka kengele inalia. Huku advansi mambo yamegeuka. Tunapewa madesa (notisi zilizofupishwa), tunakariri, tunapiga pepa za miaka ya nyuma hadi watu wanajua jibu kwa kutajiwa mwaka na namba ya swali tu. Nikiuliza kwa nini, naambiwa “hiyo haiji kwenye mtihani.” Hata kwenye diskasheni wenzangu wameanza kuninunia, eti nawachelewesha. Wiki iliyopita tulikuwa kwenye msawazo wa kikemia, nikauliza kwa nini kichocheo kinaharakisha mmenyuko lakini hakiongezi kiasi cha zao. Mmoja akafunga daftari akaondoka.

Kaka yangu yuko chuo mwaka wa pili. Yeye ananiambia nizime udadisi kwa hii miezi iliyobaki, nikariri, nifaulu, udadisi nitaukuta chuoni. Nimejaribu. Nikikaa na desa muda mfupi tu nasinzia. Nikichukua kitabu nikaanza kufuatilia jambo lililonivutia, nakesha nalo hadi taa zinazimwa, lakini asubuhi naona sijamaliza hata mada moja.

Naomba unishauri mwalimu. Kuna namna ya kujiandaa na mtihani huu huku akili yangu ikiwa hai, au nimsikilize kaka tu?

Msomaji wako, Morogoro

*

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kuandika barua inayoeleweka kwa kusomwa mara moja. Hiyo pekee itakuletea alama kwenye GS (General Studies), somo ambalo watu wa PCB hulidharau kisha wakashangaa matokeo.

Kaka yako hajakosea yote, nitarudi kwake. Kwanza nikuambie jambo ambalo huenda likakuuma. E ya Kemia haikuletwa na madesa, wala na wenzako wanaonuna. Umeandika mwenyewe kwamba unakesha na jambo moja, na kukicha hujamaliza mada. Ugonjwa uko hapo. Udadisi wako unakupa raha lakini haukufikishi kwenye karatasi, na msahihishaji hana kingine cha kusoma ila karatasi. Mtu anaweza kulielewa jambo vizuri kabisa usiku, akashindwa kulieleza kwa robo saa mbele ya msimamizi. Alilielewa kweli, ila hakuwahi kujipima.

Desa nalo halina nafuu. Mwaka 2006 watafiti wawili wa saikolojia nchini Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha jaribio moja rahisi. Wanafunzi walipewa vifungu vya kusoma. Wengine walivirudia kuvisoma, wengine walivisoma kisha wakavifunika na kuandika kila walichokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma ndio walioongoza. Walipopimwa baada ya wiki moja, waliokuwa wamejilazimisha kukumbuka wakawapita. Cha kuchekesha ni kwamba waliorudiarudia kusoma ndio waliokuwa wametabiri kuwa wangekumbuka zaidi. Hiyo ndiyo hali ya bwenini usiku wa kuamkia mtihani: desa linaonekana tamu, kila mstari unaujua, na kesho yake hamna kitu.

Kwa hiyo wewe na wenzako mna tatizo moja, ingawa mnadhani mnapingana. Wao wanasoma bila kuuliza, wewe unauliza bila kuandika, na wote hamfungi kitabu. Ushauri wangu uko katika mambo mawili yaliyofungwa pamoja: chukua swali moja, lichokonoe mpaka likupe mada nzima, kisha funga kila kitu na uliandike jibu lake kama vile uko chumba cha mtihani. Ukiacha la kwanza utasinzia. Ukiacha la pili utapata E nyingine.

Nikuonyeshe kwa Kemia, maana ndiko unakovuja. Siku ya kutembelewa mwombe mama akuletee magadi kidogo, yale ya kuwekea maharage magumu au kande, na maua makavu ya choya. Loweka choya kwenye maji ya moto, bila sukari. Yeyusha magadi kwenye maji pembeni, kisha uyatie kwenye choya tone kwa tone. Wekundu utageuka zambarau, ukiendelea kuongeza rangi itaelekea kijani. Umejua magadi ni besi. Hapa wengi hufurahi wakaenda kulala. Wewe usiende.

Jiulize: ndani ya magadi kuna sodiamu kabonati, Na₂CO₃. Mbona fomula yake haina OH? Hiyo OH inayogeuza rangi imetoka wapi? Chumvi ya mezani nayo ina sodiamu, lakini ukiitia kwenye choya hakuna kinachotokea, kwa hiyo sodiamu haihusiki. Basi ni kabonati, na njia pekee iliyobaki ni kwamba kabonati imeyanyang'anya maji protoni na kuiacha OH ikielea. Kwa nini kabonati inyang'anye na kloridi isinyang'anye? Ukijibu hilo kwa kutaja nguvu ya asidi ambazo ayoni hizo zimetokana nazo, umeshaingia katikati ya mada ya haidrolisisi ya chumvi na hujagusa desa.

Sasa hesabu. Tafuta pH (kipimo cha uasidi au ubesi) ya mmumunyo wa Na₂CO₃ wenye 0.1 M. Utahitaji Kb, kipimo cha nguvu ya besi, na Kb inatoka kwenye Ka, kipimo cha nguvu ya asidi. Asidi ya kaboniki ina Ka mbili kwa sababu inatoa protoni mbili, moja baada ya nyingine. Ipi ni ya magadi? Moja kati ya hizo ndiyo inayohusika na damu yako, ambayo mwili huitunza karibu na pH 7.4 kwa bafa (mchanganyiko unaozuia pH isiyumbe) ya kaboniki na haidrojeni kabonati. Nyingine ndiyo ya sufuria ya maharage. Ukichagua sahihi utapata pH ya karibu 11.6. Ukikosea jibu litakuwa mbali, na kosa lenyewe litakufundisha kuliko ukurasa mzima wa maelezo.

Kisha funga. Chukua karatasi tupu, andika jibu kamili kwa Kiingereza cha mtihani, kuanzia mlinganyo wa mmenyuko hadi tarakimu ya mwisho, saa ikiwa mezani. Ndipo ufungue pepa za zamani utafute maswali ya chumvi na bafa. Utakuta mtungaji alikuwa anazunguka hapo hapo ulipokuwa unachokonoa, amebadilisha chumvi tu.

Baiolojia una C, na naona A iko huko huko. Chukua selimundu (sikoseli), ugonjwa wa damu wa kurithi ambao ukiwa daktari utakutana nao wodini. Tuseme katika eneo fulani mtoto 1 kati ya 100 wanaozaliwa ana selimundu. Kwa kanuni ya Hardy na Weinberg, ambapo q ni kiwango cha aleli (toleo la jeni) ya ugonjwa na p ni cha aleli ya kawaida, q² ni 0.01, q ni 0.1, p ni 0.9, na 2pq ni 0.18. Yaani watoto 18 kati ya 100 wana aleli moja tu ya ugonjwa, hawaumwi lakini wanaweza kuirithisha. Hesabu hiyo kila mtu wa PCB anaijua. Kila mtu pia amekariri masharti ya kanuni: watu wawe wengi, waoane bila kuchagua, pasiwe na mabadiliko ya jeni, pasiwe na uhamaji, pasiwe na uteuzi wa asili.

Hapo simama. Mwaka 1954 Anthony Allison, mtafiti aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba wenye aleli moja ya selimundu wana kinga fulani dhidi ya malaria. Huo ni uteuzi wa asili mchana kweupe! Sharti limevunjwa. Mbona basi tunatumia kanuni hiyo kwa ugonjwa huo huo, tena mitihani inatuuliza? Fikiria malaria inaua lini, na sisi tumewahesabu watoto lini. Nimekupa nusu ya jibu, nusu iliyobaki iandike mwenyewe. Mwanafunzi aliyewahi kusumbuka na mgongano huo hasahau masharti yale matano, hata akiamshwa usiku wa manane.

Fizikia nitapita haraka, kwa kuwa naamini D yako inatokana zaidi na vitendo na kutomaliza maswali. Funga jiwe kwenye uzi, urefu wa mita moja hadi katikati ya jiwe. Kabla hujalibembeza, andika utabiri wako: mabembeo 20 yatachukua muda gani? Yanapaswa kukaribia sekunde 40. Sasa fupisha uzi uwe sentimita 25, tabiri tena. Halafu uliza kinachoulizwa kwenye pepa la tatu la vitendo: ukikosea muda kwa asilimia moja, thamani ya g (mchapuko wa mvutano wa dunia) itakosea kwa asilimia ngapi, na kwa nini si asilimia moja? Hapo ndipo grafu ya T² dhidi ya L (T ni muda wa bembeo moja, L ni urefu wa uzi) inaacha kuwa mchoro wa kukariri.

Wenzako wakikuambia tena maswali yako hayaji kwenye mtihani, waambie habari za Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu Magamba, kule Lushoto, wakitengeneza aiskrimu. Kwa haraka ya kuwahi nafasi kwenye friji akaweka maziwa yakiwa bado ya moto, na yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuwa yamechemshwa. Akauliza, akachekwa, akaambiwa hiyo ni fizikia ya Mpemba. Alipofika Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu, akamuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam aliyekuja kuzungumza nao. Wenzake wakacheka tena. Osborne hakucheka, aliagiza jambo hilo lipimwe maabara, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja makala katika jarida la Physics Education.

Ila habari hiyo usiichukue nusu kama inavyosimuliwa kwenye mahafali. Kijana yule hakuishia kuuliza. Alirudia jaribio, yeye na wenzake wa baadaye wakaweka kipimajoto na kuandika namba. Na hadi leo wanasayansi wanabishana, wengine wakirudia jaribio hawalioni jambo hilo kabisa, kwa kuwa chombo, friji na namna ya kupima joto vyote vinabadilisha matokeo. Swali lake lilisafiri hadi kwenye jarida kwa sababu liliandikwa na kupimwa. Maswali yako yamebaki kwenye diskasheni.

Kuna hazina moja nashangaa shule nyingi haziitumii. Baraza la Mitihani huweka kwenye tovuti yake ripoti za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, bure. Kila swali linachambuliwa: lilidai nini, watahiniwa wangapi walilimudu, waliokosa walikosea wapi. Humo mna picha za majibu yenyewe yaliyoandikwa kwa mkono, mazuri na mabovu. Watu hukimbilia jibu zuri wakalinakili. Wewe anza na bovu. Lisome ujiulize yule mtahiniwa alikuwa anafikiri nini hata akaandika hivyo, maana mara nyingi hakuwa mjinga, aliamini kitu fulani kinachoelekea kuwa kweli. Ukiweza kukitaja kitu hicho kwa sentensi moja, umeelewa mada kuliko aliyekariri jibu sahihi. Ni kazi ya upelelezi, hutasinzia.

Ripoti hizo ndizo zitakazokupatanisha na wenzako pia. Siku ya diskasheni nenda na jibu bovu moja, waambie wasahihishe na kutoa alama, kisha mlinganishe na alichosema msahihishaji. Mtabishana vizuri tu. Na uweke sharti kwako mwenyewe: hakuna “kwa nini” mpaka kila mtu awe ameandika jibu lake la swali lililoko mezani. Yule aliyefunga daftari simlaumu sana. Naye ana wazazi wanaosubiri matokeo.

Swali lako la kichocheo lilikuwa zuri, na lilihitaji dakika mbili tu. Kichocheo kinapunguza kilima cha nishati ambacho mmenyuko unapaswa kukipanda, lakini kilima ni kilekile kwa anayekwenda na anayerudi, kwa hiyo kinaharakisha pande zote mbili kwa uwiano uleule. Msawazo unafikiwa mapema, mahali palepale. Tenga daftari dogo la maswali ya namna hiyo. Likikujia swali katikati ya kusoma, lipe dakika kumi. Likigoma, liandike humo na uendelee na kazi. Jumapili mchana ni siku yake, hata saa nzima. Utashangaa mengi yatakuwa yamejijibu yenyewe kufikia Jumapili, kwa sababu mada iliyofuata ilikuwa na ufunguo.

Sasa kaka. Yuko sahihi kwamba kuna mambo ya kukariri, na kukariri si dhambi. Kitendanishi cha Tollens kinatenganisha aldihaidi na ketoni. Hapo hakuna falsafa ya kutafuta, kariri uendelee. Vilevile sifa za makundi ya viumbe, masharti ya kila mmenyuko wa kemia ya kaboni, na tafsiri za istilahi ambazo msahihishaji anazitaka kwa maneno mahususi. Kariri asubuhi kwa karatasi tupu: andika unachokumbuka, fungua, sahihisha kwa kalamu nyekundu, rudia kesho kutwa. Usikariri kwa kuimba desa.

Alipokosea ni pale anaposema udadisi utaukuta chuoni. Mpigie umuulize kama yeye ameukuta. Semista ya chuo ni fupi, madesa yapo, na anayezoea kusoma bila kuuliza haamki siku moja akaanza. Ila usimgombeze, mpe kazi. Kila Jumapili akupigie, akutajie mada moja bila kukuonya, na umweleze kwa Kiswahili kwa dakika tano, yeye akikukatiza kila asipoelewa. Ukikwama kwa Kiswahili, ujue yale maneno ya Kiingereza ulikuwa umeyakariri tu.

Mengine ni ya kawaida, ila yafanye. Kila wiki kaa na pepa kamili kwa muda wake wote, kila somo kwa zamu, bila kuinuka. Unapofanya maswali ya kawaida changanya mada, kwa sababu mtihani hautakuambia “hili ni la bafa.” BAM (Basic Applied Mathematics) usiitupe, kuna kozi vyuoni zinaiangalia. Lala.

Na uhesabu pointi zako bila kujidanganya. Kwa utaratibu wa udahili wa vyuo vikuu, A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Leo una 6, na udaktari unagombewa na wengi. Soma mwongozo wa udahili wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) wa mwaka huu uone kila chuo kinadai nini kwa udaktari, na angalia pia famasia, uuguzi na maabara, usije ukajaza kwa kubahatisha. Kuitoa Kemia kwenye E hadi C ni pointi mbili, na Kemia ndiyo yenye maswali mengi ya aina ya magadi, ambayo ukielewa moja unapata matano. Anza nayo wiki hii.

Niandikie tena ukishafanya hesabu ya kabonati. Nataka kuona umetumia Ka ipi na sentensi yako ya sababu, pamoja na muda uliotumia kuiandika.